Majitaka na Maji ya Mvua: Kwa Nini Yasipite Njia Moja

Na Mratibu wa Miradi ya Maendeleo, Dayosisi

Kila masika yanapofika tunapokea maombi yanayofanana kutoka sharika za katikati ya jiji. Chemba zimefumuka mtaani, choo cha usharika kimejaa, watoto wa shule ya chekechea wanaruka madimbwi meusi, na kamati inaomba msaada wa kujenga choo kingine. Maombi hayo ni ya haki na yanahitaji kujibiwa. Lakini kabla ya kuchimba shimo jingine ni vema tuelewe kinachotokea chini ya ardhi, kwa sababu mara nyingi tatizo halitokani na upungufu wa vyoo. Linatokana na maji ya aina mbili kupita katika njia moja.

Makala hii inaeleza kwa nini chemba za Kariakoo na mitaa ya jirani hufurika mvua inaponyesha, uchafu huo unaishia wapi, maana ya kutenganisha majitaka na maji ya mvua, na nafasi ya kamati za sharika pamoja na wafadhili wetu katika kazi hiyo.

Mifumo miwili yenye kazi mbili

Mji wowote una maji ya aina mbili yanayotakiwa kuondolewa. Aina ya kwanza ni majitaka, yaani maji ya chooni, bafuni na jikoni. Haya hutoka kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, na kiasi chake hakibadiliki sana. Yana vimelea vya magonjwa, kwa hiyo yanatakiwa kusafiri ndani ya bomba lililofungwa hadi mahali pa kusafishwa.

Aina ya pili ni maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mapaa, nyua na barabara. Haya huja kwa vipindi. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Maji ya mvua ni mengi sana kwa saa chache, kisha hukauka. Yanahitaji mitaro mipana ya kuyafikisha mtoni au baharini kwa haraka.

Kwa hiyo mtandao wa majitaka na mitaro ya mvua ni vitu viwili tofauti, na hata wasimamizi wake ni tofauti. Mtandao wa majitaka uko chini ya DAWASA. Mitaro inayofuata barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Halmashauri ya Jiji nayo inahusika na usafi, taka ngumu na vibali vya ujenzi. Mwananchi mwenye chemba inayofurika mlangoni hana habari na mgawanyo huo. Anachokiona ni maji yananuka. Hata hivyo mgawanyo huo ni muhimu, kwa sababu mahali mifumo hii miwili inapochanganyika ndipo pia wasimamizi hutupiana mpira.

Kariakoo imekwenda juu, mabomba yamebaki chini

Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita eneo hilo lilipangwa kwa viwanja vidogo vyenye mitaa iliyonyooka, na juu yake zikajengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani jiko na choo. Familia chache ziliishi katika nyumba moja. Soko kuu lenye mapaa yake mashuhuri, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilijengwa miaka ya 1970 katika mazingira hayo.

Leo katika viwanja vilevile zimesimama gorofa zenye maduka chini, maghala katikati na makazi au nyumba za wageni juu. Mitaa ya Kongo, Msimbazi, Aggrey, Sikukuu na Narung'ombe inapokea umati wa wanunuzi kutoka mikoa yote na nchi za jirani. Wafanyabiashara, wapagazi, machinga, mama lishe na wateja wao wote wanahitaji choo mchana kutwa. Uwani palipokuwa na mchanga wa kunywa maji ya mvua pamesakafiwa kwa zege.

Kwa maneno mengine, mambo mawili yameongezeka kwa wakati mmoja. Majitaka yameongezeka kwa sababu watu wameongezeka, na maji ya mvua yanayotiririka yameongezeka kwa sababu ardhi imefunikwa. Sehemu kubwa ya mabomba katika eneo la zamani la jiji ilikusudiwa mji mdogo zaidi na nyumba fupi zaidi.

Jinsi maji hayo yanavyokutana

Kuchanganyika hutokea kwa njia nyingi, na karibu zote tunazifahamu.

Fundi anapomalizia jengo hukuta chemba ya majitaka iko karibu kuliko mtaro, basi bomba la kushusha maji ya paa linaunganishwa humo. Mtaa ukijaa maji, vijana hufunua mfuniko wa chemba ili maji ya barabarani yapate pa kwenda. Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na shimo lililobaki wazi hupokea maji, mchanga, chupa na maganda ya sokoni. Mafuta ya kupikia yakimwagwa kwenye sinki huganda ndani ya bomba na kupunguza nafasi ya kupita.

Kwa upande mwingine, majitaka nayo huingia kwenye mitaro ya mvua. Bomba la bafuni linaelekezwa mtaroni kwa kuwa maji hayo yanaonekana si machafu sana. Shimo la choo lililojaa hutobolewa pembeni usiku wa mvua ili lijimwage. Wakazi wa Dar es Salaam wana neno lao kwa jambo hilo: kutapisha. Mvua hutumika kama kificho, na asubuhi hakuna anayejua uchafu ulitoka nyumba gani.

Hesabu ya paa moja

Baadhi ya wajumbe wa kamati hutuuliza kama kweli maji ya paa tu yanaweza kuzidi nguvu ya mfumo mzima. Tufanye hesabu ndogo ambayo kila mmoja anaweza kuirudia kwa jengo lake.

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua gorofa yenye paa la mita za mraba 300. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu wakati wa masika, itaacha lita 15,000 juu ya paa hilo.

Sasa tazama majitaka ya jengo hilohilo. Tuseme wanaishi watu 60 na kila mmoja anatumia lita 50 kwa siku. Jumla ni lita 3,000 kwa siku, au wastani wa lita 125 kwa saa. Mvua ile ikinyesha kwa saa mbili, paa linamwaga lita 7,500 kwa saa. Hiyo ni mara 60 ya majitaka ya kawaida ya jengo. Mabomba ya majitaka husanifiwa kubeba wastani mara kadhaa, ili yamudu asubuhi watu wote wanapooga kwa pamoja. Hayasanifiwi kubeba mara 60.

Mtaa wenye majengo 20 ya namna hiyo yaliyounganisha mapaa yao kwenye chemba utaingiza lita 300,000 katika bomba kwa mvua moja. Kuyaondoa maji hayo kwa gari la majitaka lenye tangi la lita 10,000 kungehitaji safari 30.

Maji yanayozidi hayapotei. Bomba likijaa, maji hupanda na kutokea kwenye chemba iliyo chini kuliko zote. Hili ndilo jambo tunaloomba kamati zilizingatie zaidi ya yote. Mwenye jengo aliyeunganisha paa lake haoni madhara yoyote. Kwake maji yameondoka vizuri. Anayeona ni mpangaji wa chumba cha chini mtaa wa tatu, au mama lishe aliyeweka meza yake penye mteremko, au familia inayoishi ukingoni mwa bonde. Kosa linafanyika juu na adhabu inashuka chini.

Mto unaopokea yote

Kariakoo imekaa mahali palipoinuka kidogo. Mitaro yake huteremkia bonde la Jangwani na Mto Msimbazi, na upande wa Gerezani huelekea kwenye hori ya bandari. Kwa hiyo kila kinachoingia mtaroni kina safari fupi tu kabla ya kufika mtoni au baharini.

Mto Msimbazi huanzia katika milima ya Pugu wilayani Kisarawe, husafiri karibu kilomita 35 kupitia maeneo kama Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, hupita Jangwani, na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Njiani hupokea vijito vingine, ukiwamo Mto Ng'ombe unaopita katika makazi yenye msongamano kama Tandale. Sehemu kubwa ya wakazi 5,383,728 waliohesabiwa Dar es Salaam katika sensa ya 2022 hawajaunganishwa kabisa na mtandao wa majitaka. Wanategemea vyoo vya shimo na makaro. Hivyo mto huu hupokea uchafu wa mitaa yenye mabomba na uchafu wa mitaa isiyo na mabomba.

Nini hutokea majitaka yanapoingia mtoni? Bakteria wa majini huanza kula uchafu huo, na katika kuula hutumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Uchafu ukiwa mchache mto hujisafisha wenyewe baada ya umbali fulani. Uchafu ukizidi oksijeni huisha, samaki hufa au hukimbia, na bakteria wengine wasiohitaji oksijeni huchukua nafasi na kutoa ile harufu ya mayai yaliyooza ambayo wapita njia wa Jangwani wanaifahamu.

Mabomba ya katikati ya jiji nayo yana historia yake. Kwa miongo mingi majitaka ya eneo hilo yamepelekwa moja kwa moja baharini kwa bomba lililopo upande wa Ocean Road, barabara ambayo sasa inaitwa Barack Obama, bila kupitia mabwawa ya kusafishia. Maeneo mengine ya jiji yana mabwawa, kwa mfano Vingunguti na Kurasini, ambako jua, upepo na bakteria hufanya kazi ya kusafisha polepole. Mabwawa hayo yana tatizo linalofanana na la chemba. Yanahitaji majitaka yakae humo siku nyingi ili vimelea vife. Maji ya mvua yakiingia kwa wingi huyasukuma nje kabla ya wakati, na yanayotoka yanakuwa hayajasafika.

Anayelipa gharama

Agosti 2015 mlipuko wa kipindupindu ulianza Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huu hauna siri. Kinyesi cha mgonjwa kikifika kwenye maji ya kunywa au chakula cha mwingine, umepata njia. Maji ya mafuriko yaliyochanganyika na majitaka huifungua njia hiyo kwa mtaa mzima kwa mara moja: yanaingia visimani, yanaingia kwenye mabomba ya maji safi yenye nyufa pale msukumo unapopungua, yanapita jikoni. Pamoja na kipindupindu huja homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo.

Bonde la Msimbazi pia ni shamba. Mchicha, matembele na mboga nyingine humwagiliwa kwa maji ya mto na kuuzwa masokoni alfajiri. Utafiti wa vyuo vyetu umekuta katika maji ya mto huo vimelea vya kinyesi pamoja na madini mazito. Mkulima anayesimama ndani ya maji hayo kwa miguu mitupu ndiye wa kwanza kuumia, na mlaji anafuata. Si haki kumlaumu mkulima huyo peke yake. Yeye hakuuchafua mto. Aliukuta mchafu na ndiyo riziki yake.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wengi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Tunayataja kwa sababu maji yaliyoingia nyumbani mwa watu hawa, kama ya kila mafuriko ya mabondeni, hayakuwa ya mvua peke yake.

Kutenganisha maana yake nini

Kutenganisha ni kuhakikisha kwamba kila tone linapita njia yake: majitaka bombani, maji ya mvua mtaroni. Kazi yenyewe ina hatua zinazofuatana.

Hatua ya kwanza ni kujua mabomba yalipo. Ramani za zamani hazionyeshi kila kiungo kilichofanywa na mafundi wa mtaani. Wataalamu hutumia njia rahisi: humwaga rangi isiyo na madhara chooni na kutazama inatokea wapi, au husukuma moshi ndani ya bomba la majitaka na kuangalia ni bomba gani la paa linafuka. Kamera ndogo pia huweza kupitishwa ndani ya bomba.

Hatua ya pili ni kuondoa viungo visivyo sahihi. Bomba la paa hukatwa kutoka kwenye chemba na kuelekezwa mtaroni au kwenye tangi. Bomba la bafuni hukatwa kutoka mtaroni na kuunganishwa na bomba la majitaka. Hapa ndipo penye ugumu wa kibinadamu, kwa sababu mwenye nyumba anatakiwa kugharamia jambo ambalo halimsumbui yeye.

Hatua ya tatu ni kuzibua, kufunika na kutengeneza. Mifuniko iliyoibwa ibadilishwe kwa ile ya zege, ambayo haina bei kwa wanunuzi wa vyuma. Nyufa zizibwe. Mitaro izolewe mchanga na taka kabla ya masika, wala si katikati ya masika.

Hatua ya nne, ambayo ni ya gharama kubwa, ni kulaza mabomba mapya makubwa pale ambapo hata baada ya kutenganisha majitaka yenyewe yamezidi uwezo wa mabomba ya zamani. Hii ni kazi ya Serikali na washirika wake wakubwa.

Tunasisitiza mpangilio huo. Kulaza bomba kubwa kabla ya kukata viungo vya mapaa ni kununua gunia kubwa zaidi bila kushona tundu. Maji ya mvua yatalijaza hilo nalo.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la miji maskini tu. London ilijenga mfumo wake mkubwa baada ya harufu ya Mto Thames kulitatiza Bunge katika kiangazi cha 1858. Mhandisi Joseph Bazalgette alisanifu mabomba yaliyobeba majitaka na maji ya mvua kwa pamoja, na yakiokoa maisha ya wengi. Lakini mji ulipokua, mvua hata ya wastani ilitosha kuyafanya yamwage uchafu mtoni. Imewalazimu Waingereza kuchimba njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 25 kando ya Thames, iliyounganishwa kikamilifu mwaka 2025 kwa gharama ya zaidi ya pauni bilioni 4. Sisi bado tuna nafasi ya kutenganisha kwa nyundo, msumeno na saruji mambo ambayo wenzetu wameyalipia kwa mabilioni.

Mambo ambayo kutenganisha hakutayamaliza

Ni wajibu wetu kueleza pia mipaka ya suluhisho hili. Mtaa usio na bomba la majitaka hauna cha kutenganisha. Huko tatizo ni tope la choo na mahali pa kulipeleka.

Gari la majitaka halifiki penye vichochoro vyembamba, na pale linapofika bei yake huwa nzito kwa mpangaji. Ndiyo maana wapo vijana wanaoitwa vyura, wanaoingia shimoni kwa mikono na ndoo usiku na kulifukia tope uani au kulimwaga mtaroni. Wanafanya kazi ya hatari ambayo jiji linaihitaji, bila glovu wala buti, na jamii inawadharau. Kuwapatia pampu za mkono, mavazi ya kinga, mapipa yenye mifuniko na mahali halali pa kumwaga ni sehemu ya ulinzi wa mto kama ilivyo kukata bomba la paa.

Ipo pia njia ya katikati. Katika Vingunguti wananchi walishirikiana na shirika linalofahamika kama CCI kujenga mtandao rahisi wa majitaka: mabomba membamba yaliyolazwa kwa kina kifupi kupitia nyua za watu na kuelekezwa kwenye mabwawa. Mbinu hii ilianzia kaskazini-mashariki mwa Brazil mapema miaka ya 1980. Miaka hiyohiyo wakazi wa Orangi, Karachi, wakiongozwa na Akhtar Hameed Khan, walilaza mabomba ya vichochoro vyao kwa michango yao, na Serikali ikaombwa kujenga mabomba makuu. Somo la kote ni moja: kaya hukubaliana kichochoro kwa kichochoro, na mkubwa wa mabomba anakutana nao njiani.

Kwa upande wa Serikali, Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi uliidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022, na nchi za Hispania na Uholanzi ziliahidi kuchangia. Mradi huo unalenga hasa mafuriko, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Ni jambo la kushukuru. Lakini mto uliopanuliwa ukiendelea kupokea majitaka utakuwa mto mpana wenye majitaka. Kazi ya juu, mitaani na majumbani, inabaki kuwa yetu sote.

Kamati ya usharika ianzie wapi

Tunapendekeza kila kamati ya maendeleo na diakonia ifanye mambo yafuatayo kabla ya mvua zijazo.

1. Ianze na nyumba yake. Paa la kanisa mara nyingi ni kubwa kuliko yote mtaani. Fuatilieni bomba la paa hadi mwisho wake: je, linaingia mtaroni, kwenye tangi au kwenye chemba? Paa la mita za mraba 600 hupokea karibu lita 600,000 kwa mwaka. Maji hayo yakivunwa yanafaa kufulia, kusafishia na kumwaga chooni.

2. Ichore ramani ndogo ya mtaa. Vijana wa usharika wanaweza kuzunguka na mjumbe wa serikali ya mtaa na kuweka alama kwenye chemba zisizo na mifuniko, mitaro iliyoziba na mahali panapofurika. Karatasi moja yenye alama sahihi huzungumza vizuri kuliko malalamiko kumi.

3. Iipeleke ramani hiyo kwa wasimamizi wote kwa pamoja, yaani DAWASA, TARURA na afisa afya wa kata, kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakikaa meza moja ni vigumu kutupiana mpira.

4. Izungumze na wenye majengo. Wengi wao ni waumini wa makanisa na misikiti ya hapohapo. Tumeona kwamba suala hili halina dini. Maji ya Msimbazi hayaulizi mtu anasali wapi, na kamati ya pamoja na majirani wa msikitini husikilizwa zaidi.

5. Iwakumbushe mama lishe na wenye mahoteli kumwaga mafuta yaliyotumika kwenye chombo, si kwenye sinki, na kila kaya isitupe nepi na taka ngumu chooni.

6. Isitapishe, wala isikae kimya wengine wanapotapisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuchafua vyanzo vya maji, lakini sheria hukosa mguu pale majirani wanapoogopana.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru marafiki wa ndani na nje ya nchi kwa vyoo vingi vilivyojengwa mashuleni na katika vituo vyetu. Choo kipya hupigwa picha, huwekewa kibao chenye jina la aliyetoa, na ripoti yake huandikika kwa urahisi. Bomba lililohamishwa kutoka kwenye chemba kwenda mtaroni halina kibao. Likifanya kazi vizuri hakuna anayelikumbuka. Hata hivyo fedha ya kukata viungo 20 vya mapaa katika mtaa mmoja inaweza kuzuia uchafu mwingi kuliko ambavyo choo kimoja kipya kingeweza.

Kwa hiyo tunaomba kila andiko la mradi wa choo katika eneo la jiji lijibu maswali matatu kabla halijapelekwa kwa mfadhili. Majitaka ya choo hiki yanakwenda wapi? Shimo likijaa, nani ataliondoa tope, kwa bei gani, na atalimwaga wapi? Maji ya paa la jengo hili yanakwenda wapi? Andiko lisiloweza kujibu litarudishwa kwa kamati likamilishwe. Tunawaomba na wafadhili wakubali kuona katika bajeti mafungu ya ukaguzi wa mabomba, mifuniko ya zege, mavazi ya kinga kwa wazibuaji na matengenezo ya miaka inayofuata, hata kama hayapendezi kwenye picha.

Biblia katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inawaagiza Waisraeli walioko kambini kutenga mahali pa haja na kuwa na kijiti cha kufukia. Agizo hilo halikuachwa kwa makuhani peke yao; kila mmoja alitakiwa kubeba kifaa chake. Nasi tunaoishi kambi moja kubwa kati ya Pugu na bahari, anayekaa juu amfikirie anayekaa chini.

Kamati zinazohitaji fomu ya ukaguzi wa mapaa na chemba ziipate katika ofisi ya miradi ya Dayosisi kupitia kwa Baba Mchungaji wa usharika. Tutafurahi kuzipokea ramani zenu kabla masika hayajaanza, ili tuzipeleke kwa wahusika wakati mitaro bado mikavu.